Mulondo, omuboro na panya weupe: mwongozo kamili wa kupima dawa ya wanaume ya kienyeji

Pita soko la Owino, Kampala, asubuhi, upande ule wa dawa, utakuta mizizi ya mulondo imefungwa mafungu mafungu kama kuni za mtoto, na pembeni omuboro uliosagwa umetiwa kwenye vichupa vya maji vilivyotumika. Muulize mama anayeuza inafanya nini, atacheka kwanza, halafu atakwambia, "Hiyo ya wanaume, ssebo, nenda ujaribu, utarudi kunishukuru." Basi. Hapo ndo maelezo yameisha.

Mi nimekaa maabara miaka kadhaa nikifuga panya na kuhesabu mbegu za kiume, na wanaonijia na hili swali ni wa aina mbili. Kuna wanafunzi wanaotaka kuandika tasnifu, na kuna waganga wanaotaka karatasi ya kuonyesha kwamba dawa ya babu yao kweli inafanya kazi. Wote wanaanza kwa kosa moja, wanakuja na mzizi kabla ya kuja na swali. So tuanze na swali.

Swali lako ni lipi hasa?

"Nguvu za kiume" ni gunia, ndani mmewekwa vitu vinne vitano ambavyo havifanani kabisa. Kuna hamu. Kuna kusimama, ambayo ni habari ya damu na mishipa. Kuna mbegu, zipo ngapi, zinaogelea vipi, zina umbo gani. Kuna homoni, testosteroni na wenzake. Halafu kuna tezi dume, yule mzee anayeamka usiku mara tano kukojoa, ambaye kwa Waganda anapewa ntaseesa, yaani magome ya Prunus africana. Mtu anaweza kuwa na hiki akakosa kile. Unakuta kijana mwili chuma, nyumbani hakuna malalamiko, lakini mtoto haji miaka minne, na kipimo cha manii kikifanywa ni sifuri. Ukimpa dawa ya kusimamisha huyo umemsaidia nini?

Kwa hiyo chagua moja, andika kwenye karatasi sentensi moja: "Je, maji ya mzizi wa mulondo yanaongeza au yanapunguza idadi ya mbegu kwenye panya dume?" Angalia hapo nimesema yanaongeza au yanapunguza. Usiandike swali la upande mmoja, maana mimea mingine inaua mbegu kimyakimya. Mbegu za papai zimepunguza uzazi wa wanyama dume kwenye maabara, mwarobaini pia. Kubwa zaidi ni ile ya gosipoli, kitu kinachotoka kwenye mbegu za pamba, Wachina waliijaribu miaka ya 1970 kama dawa ya kupanga uzazi kwa wanaume zaidi ya elfu nane, mbegu zikapungua kweli, lakini wengine potasiamu ikashuka mwilini na wengine uzazi haukurudi tena, wakaachana nayo. Hiyo ni pamba, banange, zao tunalolima hapa Lango na Kasese.

Na mulondo wenyewe, Mondia whitei, una visa. Watafiti wa Cameroon waliwapa panya maji ya mzizi kwa siku nane, wakaona testosteroni imepanda. Kwenye kazi nyingine ya hukohuko, panya walipewa kwa siku hamsini na kitu, utengenezaji wa mbegu ukazuiliwa, ukarudi walipoacha kupewa. Mzizi mmoja. Wauzaji wakisikia hii habari wanakasirika, lakini mi naona ndo sababu kubwa ya kufanya hii kazi vizuri, maana anayetafuna mulondo kila jioni kwenye kituo cha boda hatafuni kwa siku nane.

Kaa na mzee kwanza

Kabla ya maabara nenda kwa anayeitumia. Ukifika salimia vizuri, kaa, usitoe daftari dakika ya kwanza. Kuna vitu lazima utoke navyo: sehemu gani ya mmea (mzizi, gome la mzizi, majani), mbichi au mkavu, anaitayarisha na nini, kiasi gani, mara ngapi kwa siku, siku ngapi, na nani hapewi. Hilo la mwisho usiliruke. Mzee akisema "huyu simpi mwenye presha" amekupa taarifa ya usalama ya miaka arobaini bure.

Beba mzani mdogo wa jikoni, ule wa dijitali. Mzee mmoja aliniambia dozi ni "kubana kwa vidole vitatu", nikamwomba abane mara tatu tofauti kwenye kikaratasi, mara ya kwanza gramu 5, ya pili 7, ya tatu 6. Wastani gramu 6. Akacheka sana, akasema hajawahi kujua vidole vyake vina kilo. Hiyo gramu 6 tutaitumia huko chini.

Uliza tena inanywewa na nini. Hapa Uganda mizizi mingi ya wanaume inalowekwa kwenye waragi, ile pombe kali. Kama ni hivyo, basi kundi lako la kulinganisha halipaswi kupewa maji, linapewa pombe ya kiwango kilekile bila mzizi, kwa sababu pombe peke yake inagusa testosteroni na mbegu. Nimeona tasnifu nzima imeanguka kwenye hilo, mwanafunzi analinganisha panya waliolewa na panya wasiolewa halafu anaita matokeo ya mmea.

Makaratasi, haraka haraka

Yanachosha lakini hayakwepeki. Kamati ya maadili kwanza (ya wanyama kama ni panya, ya binadamu kama ni watu), halafu unasajili utafiti UNCST, lile baraza la sayansi na teknolojia. Ukichuma kwenye msitu wa serikali kama Mabira unaomba NFA (mamlaka ya misitu), kwenye hifadhi za wanyama ni UWA (mamlaka ya wanyamapori). Sampuli ikitoka nje ya nchi au mmea ukiingia kwenye biashara, mambo ya NEMA (mamlaka ya mazingira) na kugawana faida yanaingia. Na andikiana na mzee, karatasi inayosema ujuzi ni wake na jina lake litatajwa au litafichwa, anavyotaka yeye. Tangu 2019 tuna sheria ya tiba asili, kwa hiyo mganga si mtu wa kuchukuliwa maneno yake halafu ukapotea.

Kupata mmea ulio sahihi

Usinunue mzizi sokoni ukaupeleka maabara. Nilifanya hivyo mara ya kwanza, nikapewa kiroba kizuri, kinanukia vanila kidogo kama mulondo unavyonukia, nikakausha, nikasaga, na nilipoenda kuomba utambulisho wakaniuliza majani yako wapi, ua liko wapi. Sina. Mzizi mkavu uliokatwakatwa hakuna mtu wa kukuapia ni nini. Wiki tatu za kazi zikaenda kwenye takataka, na pesa.

Nenda shambani au msituni na mzee, achimbe mbele yako. Kata tawi lenye majani na maua au matunda, libane kati ya magazeti kwenye fremu ya mbao, badilisha magazeti kila siku mpaka likauke. Andika tarehe, mahali, kipimo cha GPS, jina la kienyeji na lugha yake, na namba yako ya mchumaji. Lipeleke hebariamu ya chuo cha Makerere, pale wanapotunza mimea iliyokaushwa, watalitambua na kulipa namba ya vocha, hiyo namba ndo inaenda kwenye ripoti yako. Majina ya kienyeji yanadanganya, omuboro unaitwa pia katimboro, na kijiji cha pili jina hilohilo linaweza kuwa la mti mwingine.

Kuhusu omuboro, Citropsis articulata, tafadhali. Huo mti unang'olewa wote kwa sababu watu wanataka mzizi, na Mabira umekwisha sana. Chukua mizizi ya pembeni, acha mkuu, funika udongo. Na kama bajeti inaruhusu pima na majani, yakionyesha kitu utakuwa umeokoa mti. Ntaseesa nao uko kwenye orodha ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini) tangu 1995, usifikirie kutuma magome Ulaya kwa bahasha.

Sasa, kama unachopima ni unga ambao tayari uko kwenye kopo au vidonge vya "mitishamba", kabla hujagusa panya peleka maabara yenye mashine ya HPLC, inayotenganisha kemikali, waangalie kama kuna sildenafili (ile dawa ya Viagra) ndani. Kuna watu wanasaga vidonge vya dukani wanachanganya na unga wa mti wowote, mteja anaona maajabu ndani ya saa moja. NDA, mamlaka ya dawa, imeshakamata dawa za namna hiyo. Ubaya wake ni kwamba mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti akinywa sildenafili bila kujua, presha inaporomoka na anaweza kufa pale pale. Mti wa kweli wa mizizi mara nyingi haufanyi kazi kama swichi ya taa, so ukisikia "dakika thelathini tu", anza kushuku.

Kukausha na kutoa dawa

Osha, katakata vipande vyembamba, anika kivulini penye hewa. Jua kali linaharibu baadhi ya kemikali, na Kampala wakati wa mvua ukianika ovyo unapata ukungu, ukungu una sumu yake, utapima ukungu. Ikivunjika ikikunjwa, imekauka. Saga, chekecha, weka kwenye chupa ya kahawia isiyopitisha mwanga.

Kutoa dawa fuata mzee. Yeye anachemsha dakika ishirini? Chemsha dakika ishirini. Wanafunzi wanapenda kukimbilia methanoli au hekseni kwa sababu wameona kwenye karatasi za watu, lakini hekseni inatoa mafuta ambayo hakuna mtu kijijini anayeyanywa. Kama unataka kutafuta kemikali fulani sawa, ila swali lako likiwa "dawa hii inafanya nini kwa mtu", maji yabaki maji. Chuja kwa kitambaa kwanza, halafu karatasi ya Whatman namba 1, kausha kwa mashine ya kugandisha au kwenye rotavepa (mashine ya kuvukiza maji) kwa joto la chini. Pima uzito ulioupata. Ukitumia gramu 100 za unga ukapata gramu 12 za ekstrakti (kile kilichobaki baada ya kukausha), mavuno ni asilimia 12, na bila hiyo namba huwezi kufanya hesabu inayofuata.

Hesabu ya dozi

Hapa wengi wanaandika tu "100, 200, 400", yaani miligramu kwa kila kilo ya mwili, kwa sababu wengine waliandika hivyo. Fanya hivi.

Dozi ya mzee ni gramu 6 za unga. Asilimia 12 yake ni gramu 0.72, yaani miligramu 720 za ekstrakti. Mtu wa kilo 60: 720 gawa kwa 60, ni miligramu 12 kwa kila kilo ya mwili. Panya mwili wake unachoma vitu haraka kuliko wetu, kwa hiyo kutoka mtu kwenda panya mkubwa wa maabara (rat) unazidisha kwa 6.2. 12 mara 6.2 ni kama 74, tuseme 75. Hiyo ndo dozi ya chini. Juu yake weka 150 na 300, yaani mara mbili na mara nne, maana watu hawabani vidole sawasawa na wapo wanaokunywa mara nne wakidhani watakuwa simba.

Panya wa gramu 200 kwa dozi ya 75 anapata miligramu 15. Mpe kwenye ujazo wa mililita 2, kwa hiyo mchanganyiko wako uwe miligramu 7.5 kwa mililita. Mpime panya uzito kila wiki na ubadilishe hesabu, anakua huyo.

Kabla ya hapo kuna jaribio fupi la sumu. Kwa mtindo wa OECD namba 423, mwongozo wa kimataifa wa kupima sumu, unachukua wanyama watatu, kawaida majike, unawapa dozi kubwa mara moja, mpaka miligramu 2000 kwa kilo kama hakuna dalili za hatari (kama hujui kabisa anza na 300), unawaangalia kwa makini saa za kwanza halafu siku 14. Wakiwa wazima songa mbele. Mmoja akianza kutetemeka au kulala ubavu mpunguzie mateso, usisubiri "data".

Siku ngapi?

Hapa ndo roho ya kazi yote, nisikilize hapa hata kama utaruka kwingine.

Mbegu haitengenezwi leo ikatoka leo. Kwa binadamu inachukua kama siku 74 kutoka seli ya mwanzo mpaka mbegu kamili, halafu inapita kwenye ule mrija uliojikunja nyuma ya korodani, epididimisi, siku kadhaa ikikomaa. Kwa panya mkubwa wa maabara ni kama siku 52, ongeza wiki moja na kitu ya njiani. Kwa panya mdogo (mouse) ni siku 35 hivi. Maana yake ni nini, ukimpa panya dawa siku 14 ukahesabu mbegu, unahesabu mbegu ambazo zilizaliwa kabla hujaanza kumpa dawa. Mimi nilifanya hivyo kwenye kazi yangu ya kwanza, siku 14, namba zikapanda kidogo, nikafurahi nikaandika "imeongeza mbegu", na msimamizi akaniuliza kwa upole, "Hizo mbegu zilitengenezwa lini?" Nilikaa kimya. Aibu hiyo naikumbuka mpaka leo.

Kwa hiyo panya mkubwa mpe dawa siku 60 kwenda juu, mi natumia 65. Kama swali lako ni hamu au homoni tu, wiki mbili hadi nne zinatosha, ila sema wazi kwamba hukupima mbegu. Na tenga panya wengine ambao baada ya siku 65 unawaachia siku 65 nyingine bila dawa, uone kama mambo yanarudi. Kundi hilo watu wanalikata kwa sababu ya gharama ya chakula, ilhali ndo linalokuonyesha kama madhara ni ya kudumu.

Makundi: moja la maji, matatu ya dozi. Ile kanuni ya wanyama wote kutoa idadi ya makundi, jibu likae kati ya 10 na 20, inakupa sita kwa kundi (24 kutoa 4 ni 20). Mi naomba wanane, na kamati ikiuliza najibu kwamba testosteroni ya panya inapanda na kushuka sana hata kwa mnyama mmoja ndani ya siku, sita hawatoshi. Madume ya wiki 10 hadi 12, gramu 200 hivi, gawa kwa bahati nasibu, usichague wanene ukawaweka kundi la dawa.

Wakae wiki moja wazoee kabla ya kuanza, na kila siku uwashike, uwazoeze mkono. Panya anayeogopa testosteroni inashuka, utapima woga wako. Kulisha dawa ni kwa sindano butu yenye kichwa cha duara, ipite kooni taratibu, ukihisi inagoma usisukume, ikiingia kwenye mapafu umemuua.

Na joto! Korodani ziko nje ya mwili kwa sababu zinataka ubaridi wa nyuzi mbili hadi nne chini ya mwili. Mwaka mmoja banda letu lilikuwa la mabati, Januari jua likapiga, mbegu zikashuka kwenye makundi yote, hata la maji. Bila kundi la maji tungesema mmea ni sumu. Weka kipimajoto ukutani, nyuzi 22 hivi, taa saa 12 kuwaka, saa 12 kuzima, chakula kilekile mwanzo mpaka mwisho.

Kama swali ni hamu na kupanda, panya ni mnyama wa usiku, kwa hiyo jaribio lifanyike usiku kwenye taa nyekundu hafifu, jike aliyeandaliwa kwa homoni awe tayari, na wewe uwe na saa na daftari: baada ya sekunde ngapi amepanda mara ya kwanza, amepanda mara ngapi kwa nusu saa, muda wa kupumzika kabla ya kurudia. Hapo kundi la sildenafili la kulinganisha linafaa. Rekodi video kwa simu, macho yanachoka.

Kama ni uzazi wenyewe, muweke dume na majike wawili, kila asubuhi angalia ute wa jike kwenye maikroskopu, ukiona mbegu hiyo ni siku ya kwanza ya mimba. Panya anabeba siku 21 hadi 23. Hesabu watoto, na waangalie kama wana kasoro.

Siku ya kuhesabu

Andaa kila kitu jana yake. Asubuhi weka majimaji ya chumvi kwenye nyuzi 37, na weka vioo vya slaidi pia kwenye kitu cha kupashia joto. Watu wanasahau vioo. Asubuhi ya mvua Kampala kioo ni baridi kama jiwe la mto, ukidondosha mbegu juu yake zinasimama papo hapo, unaandika "mwendo asilimia 20" na kumbe ni kioo chako.

Chukua damu saa ileile kwa panya wote, kabla ya saa nne asubuhi, na zungusha makundi, usimalize kundi la maji kwanza halafu dozi kubwa saa nane mchana. Mnyama alale kwa dawa ya usingizi ya kutosha mpaka afe bila maumivu. Seramu, ile maji ya damu, inakaa kwenye friza mpaka siku ya ELISA (kipimo cha homoni), pima testosteroni na LH (homoni ya ubongo inayoamuru korodani) kama pesa ipo, na usiache ALT, AST na kreatinini, vipimo vya ini na figo, maana mzizi unaoongeza mbegu ukiharibu ini una faida gani.

Toa epididimisi, kata mkia wake tu, ukatekate kwenye mililita 5 za majimaji ya joto, subiri dakika chache mbegu ziogelee zitoke. Tone moja kwenye kioo cha joto, hesabu 200 ukizigawa: zinazokwenda mbele, zinazotikisika mahali pamoja, zilizosimama. Rudia tone la pili. Kisha eosini na nigrosini, mbegu iliyokufa inanywa rangi inakuwa ya pinki, hai inabaki nyeupe. Hata umbo angalia hapo hapo, vichwa bila mikia, mikia iliyojikunja.

Idadi unatumia kile kioo cha Neubauer chenye miraba ya kuhesabia. Zimua majimaji yenye mbegu mara 20, hesabu mraba wa katikati wote. Tuseme umepata 160. 160 mara 20 mara 10,000 (kwa sababu ya ujazo mdogo wa mraba huo) ni milioni 32 kwa mililita, na ulikuwa na mililita 5, basi milioni 160 kwenye mkia mmoja. Anayehesabu asijue panya ni wa kundi gani. Mwenzio aandike namba za siri kwenye chupa, orodha aifungie yeye. Mimi ni mtu mwaminifu na bado mkono wangu unapendelea kundi la dawa, nimejipima.

Pima uzito wa korodani, epididimisi, tezi dume na vifuko vya shahawa, hivyo vya mwisho uvitoe bila kuvitoboa, majimaji yasimwagike. Vifuko na tezi dume vinakua kwa testosteroni, kwa hiyo hata ukikosa pesa ya ELISA, mzani mzuri utakwambia kitu kuhusu homoni. Korodani moja iende kwenye majimaji ya Bouin, ya kuihifadhi kabla ya kuitazama kwa maikroskopu, usitumie fomalini, fomalini inafanya mirija ivutane na kupasuka utafikiri ni ugonjwa. Saa 24, halafu alkoholi ya asilimia 70 mpaka njano ipungue. Bouin ina asidi ya pikriki, ikikauka kwenye kifuniko inaweza kulipuka, so futa shingo ya chupa kila mara.

Ukishapata namba, hesabu za takwimu: ANOVA halafu Dunnett kulinganisha kila dozi na kundi la maji. Andika zote, hata zile hazikuonyesha kitu. Dozi ndogo ikiongeza na kubwa ikipunguza, hayo ni matokeo, usiifute dozi kubwa kwa sababu inaharibu hadithi.

Na watu je?

Usijaribu kwa rafiki zako, wala kwako mwenyewe. Kupima kwa binadamu ni kamati nyingine, NDA, daktari, bima, na muda wa miezi. Ila mganga ambaye wateja tayari wanakunywa dawa yake anaweza kufanya kitu cha maana bila panya hata mmoja.

Mteja analalamika mtoto haji, mtume hospitali apimwe manii kabla ya kumpa chochote. Akae bila tendo siku 2 hadi 7, sampuli ifike maabara ikiwa na joto la mwili (mfuko wa shati ndani ya koti ni bora kuliko mkoba) na iangaliwe ndani ya saa moja. Viwango vya chini vya WHO vya 2021 ni ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, jumla milioni 39, zinazotembea asilimia 42, zinazokwenda mbele asilimia 30 ya mbegu zote, umbo zuri asilimia 4. Ndio, 4 tu, mtu asilie akiona 6. Kama kuna usaha au mshipa uliovimba kwenye korodani, hiyo ni ya daktari kwanza, mzizi usubiri. Na mke apimwe pia, wanaume wengi hapa wanakunywa mizizi miaka mitatu kumbe mirija ya mama imeziba, au kinyume chake.

Baadaye mpe dawa kwa dozi ileile kila siku, iliyopimwa kwa mzani na si kwa vidole, andika tarehe ya kuanza, andika kama anakunywa pombe, anatafuna mairungi (miraa), kama anafanya kazi karibu na moto. Usimpime tena baada ya wiki mbili hata akikusumbua kwa simu kila jioni. Miezi mitatu. Kipimo cha pili kifanyike maabara ileile, siku zilezile za kukaa bila tendo, na ikiwezekana mtu yuleyule kwenye maikroskopu.